Farasi wa Bure wa Musembi

Soko la Tulia, huko Kitui, lina makanisa mengi, lakini dini ya drafti ni moja. Inachezwa nje ya kinyozi, nje ya duka la mbolea, hata nyuma ya kanisa baada ya ibada, ambako wazee wa kanisa hutumia vifuniko vya soda upande mmoja na vifuniko vya bia upande wa pili, vya bia vikilazwa kifudifudi ili mchungaji akipita asianze kuuliza vimetoka wapi. Na sheria yake kuu, kila mtoto anaijua kabla hajajua kufunga kamba za viatu: kula ni lazima. Ukiona kete ya mwenzako imekaa vibaya, unaila. Ukijifanya hukuiona, mwenzako anaichukua ile kete yako iliyokataa kula, anaitia mfukoni, na wewe unachekwa mpaka wiki iishe.

Ndiyo maana Mbithi alishtuka sana siku kompyuta ilipokataa kula.

Mbithi alikuwa amemaliza kidato cha nne na gredi ambayo mwenyewe aliieleza kuwa "inatosha kusoma mabango ya barabarani". Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la Abdow, kijana ambaye babake alifika Tulia na mbuzi kutoka upande wa Garissa, mbuzi wakaisha, likabaki duka la simu, betri na paneli za sola. Kazi ya Mbithi ilikuwa kutengeneza simu zilizoanguka kwenye ndoo na kuwachapishia watu barua. Lakini kazi aliyojipa mwenyewe, ambayo Abdow aliita "ile kazi yako ya kunimalizia stima", ilikuwa kumtengenezea dada yake kitabu cha kumshinda Musembi.

Dada yake, Nthenya, hakucheza drafti. Alicheza chesi, aliyoifundishwa shuleni na mwalimu wa hesabu, na Kitui nzima hakukuwa na mtu wa kumsumbua. Shida ilikuwa Makueni. Kila mwaka kaunti hizo mbili hukutana mjini Wote, na bingwa wa siku hiyo huenda Nairobi kujaribiwa timu ya taifa. Mwaka jana Nthenya alifika fainali, akakutana na Musembi, akalazwa mapema. Mwaka juzi, vivyo hivyo. Na sasa alikuwa ameitwa chuo cha uuguzi. Mwezi ukiisha angevaa sare, na wikendi zake zingekuwa za wodi. Asipompiga Musembi safari hii, Nairobi angeiona siku ya kwenda kununua viatu vyeupe.

Musembi mwenyewe ukimwona hungemwogopa. Alikuwa fundi wa kuziba pancha za malori pale Kambu, kwenye barabara kuu ya Mombasa, mwenye mikono myeusi isiyotakata hata siku ya harusi. Drafti alifundishwa na madereva, chesi alijifundisha kwa simu. Na alikuwa na tabia moja iliyowamaliza watu wote wa Ukambani: alikuwa anakupa.

Mapema tu, kabla hujaketi vizuri, farasi wake mweusi anaruka hadi karibu na nyumba ya mfalme wako. Unamsogezea askari wa pembeni kumwambia toka hapa. Hatoki. Musembi anasogeza askari wake mwenyewe nyuma ya farasi, anakunja mikono, anaanza kuangalia dari. Farasi yuko pale. Askari wako anaweza kumla. Na mtu aliyekulia Kitui au Makueni, aliyeona babu na wajomba wakila kwa sheria, atafanya nini? Anakula. Halafu askari wa Musembi anakula yule wako, njia ya pembeni inafunguka wazi mpaka kwenye ngome yake, malkia anashuka kwa njia hiyo hiyo, na mfalme wako anafia ndani ya nyumba kama panya wa ghala.

Watu wote walijua. Na wote waliendelea kula, kila mmoja akiamini kwamba waliomtangulia walikula vibaya, yeye atakula kwa akili.

Sasa, wachezaji wa chesi wanaposema kitabu, hawana maana ya karatasi. Ni mianzo ya mchezo iliyochunguzwa na kuhifadhiwa: ukicheza hivi, yeye atajibu hivi au vile, akijibu vile, wewe fanya hivi. Siku hizi uchunguzi huo ni wa kompyuta. Unaiwekea kete zilivyo, injini ya chesi inaanza kutafuta, na kando ya kila hatua inaandika namba. Juu ya sifuri, mweupe yuko salama. Chini ya sifuri, mweupe aanze kuomba.

Mbithi aliweka mchezo wa dada yake wa mwaka jana kwenye laptopu kuukuu ya Abdow, akamwacha farasi wa Musembi amesimama pale pale, akauliza: tufanye nini?

"Kula," ikasema kompyuta. Namba ilikuwa nzuri, ya kutabasamu.

"Hata wewe!" Mbithi akacheka. "Kumbe wewe pia ni wa Tulia."

Akaenda kumhudumia mama mmoja aliyetaka kuongezewa sauti ya simu ili amsikie mkwewe akisengenya. Aliporudi na chai yake, namba ilikuwa imepungua. Akapuliza chai. Ikapungua tena. Jua lilikuwa la adhuhuri, paneli juu ya bati zilikuwa zimeshiba, feni ya laptopu ilikuwa inalia kama nyuki ndani ya mtungi, na namba ya kula farasi ilikuwa inashuka, ikagusa sifuri, ikapita sifuri, ikaendelea kwenda chini bila kusimama. Na hatua nyingine, ambayo mwanzo haikuwa hata miongoni mwa zile za kutajwa, ikaanza kupanda kutoka mkiani. Ilikuwa ni kusogeza askari mdogo, hatua moja tu, upande ule mwingine kabisa wa ubao. Upande ambao hakuna vita, hakuna farasi, hakuna mtu.

"Imeharibika," Mbithi akasema.

"Nini imeharibika?" Abdow akauliza kutoka nyuma ya kaunta. "Ukiniharibia laptopu, nitakuuza na wale mbuzi waliobaki."

"Hawakubaki."

"Basi nitakuuza peke yako."

Mbithi akaizima, akaiwasha, akaipanga upya. Ikasema kula. Akangoja, na safari hii hakwenda popote. Aliikodolea macho. Ikaanza tena: kula ikashuka, askari mdogo akapanda, taratibu, kila injini ilipozama ngazi moja zaidi. Mbithi alikumbuka kisima cha mchanga cha mto wao, wakati wa kiangazi. Unachimba mchanga mkavu, mkavu, mkavu, mtu anayepita barabarani anakuona mwendawazimu. Halafu mkono unagusa baridi. Halafu unyevu. Halafu maji yenyewe yanachungulia, na yalikuwa chini pale siku zote ulizokuwa unapita juu yake na punda.

"Abdow, kuja uone kitu."

Abdow akaja, akainama. "Naona namba."

"Imekataa kula."

"Imeshiba?"

Mbithi hakuondoa macho kwenye kioo. "Haijawahi kucheza drafti," akasema. "Buda, hii kitu haijui kwamba kula ni lazima. Hakuna mtu aliyeiambia. Inaangalia tu."

Tangu siku hiyo kila adhuhuri ilikuwa ya kitabu. Kila jibu ambalo Musembi angeweza kutoa, Mbithi aliliweka, akaiachia injini izame mpaka namba itulie, akahifadhi, akaenda kwa jibu linalofuata. Kitabu kilikua. Hatua moja ilizaa tatu, tatu zikazaa kumi na kitu, kama vijia vya ng'ombe vinavyotoka kisimani kila kimoja na boma lake. Alikutana humo na mambo ambayo hakuna mtu wa Kitui wala Makueni aliyewahi kuyacheza hata kwa bahati mbaya. Malkia anayerudi alikotoka. Mfalme anayejisogeza kando kidogo, kama mzee anayempisha mtu kwenye benchi, na kumbe hatua nyingi baadaye kusogea huko ndiko kunamwokoa. Mara nyingine Mbithi aliinuka kutoka kwenye kioo akiona soko la nje limekuwa dogo: mikokoteni, magunia ya ndengu, watu wanaobishana bei, vyote kama kete ambazo mtu fulani hajazichunguza vya kutosha.

"Kitabu chenyewe kiko wapi?" mama yake akauliza nyumbani. "Kila siku kitabu, kitabu. Sijaona hata jalada."

"Mwaitu, kiko ndani ya kompyuta."

"Kwa hiyo ukienda mtihani unabeba kompyuta?"

"Mimi sibebi kitu. Anayebeba ni Nthenya. Kichwani."

Na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Waliketi nyuma ya jikoni na ubao wa plastiki, Mbithi akawa Musembi, akampa farasi. Mkono wa Nthenya ukaenda.

"Acha!"

"Sijafanya kitu."

"Wewe hujafanya. Mkono umefanya."

"Umejiendea."

"Ndiyo nasema. Una mkono wa mzee wa kanisa kwenye drafti. Kalia mkono."

Nthenya akakalia mkono wa kulia, akacheza na wa kushoto, ambao ulikuwa mgeni wa mambo na haukuwa na haraka. Siku zikapita. Akaijua njia yote: acha farasi, sogeza askari mdogo, jenga katikati, leta ngome kwenye mstari wa kati, acha farasi, acha farasi. Lakini siku moja akazisukuma kete pembeni.

"Nieleze kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kwa nini huyo askari mdogo. Mbona si mwingine?"

Mbithi akakuna kichwa. "Sijui. Imeona."

"Imeona nini?"

"Imeona mbali. Mimi niko hapa na wewe, siko huko."

"Na mimi nikifika mwisho wa kitabu chako, kabla ya mwisho wa mchezo, nitakuwa wapi?"

"Utakuwa Nairobi."

Nthenya hakucheka. "Mbithi, nitakuwa peke yangu," akasema, akaanza kuzipanga kete upya, moja moja, safari hii bila kuambiwa na mtu.

Mji wa Wote siku ya mashindano ulikuwa umejaa machungwa. Yalikuwa kwenye mikokoteni, kwenye mabeseni, kwenye mifuko ya wachezaji. Ukumbi ulikuwa wa kanisa moja lililowaazima waandalizi viti, na mwamuzi alikuwa Madam Mwongeli, mwalimu mstaafu mwenye miwani kwenye kamba, ambaye aliweza kunyamazisha chumba kwa kuivua tu.

Fainali ilipangwa mchana. Musembi akafika na shati safi na mikono ile ile.

"Karibu wa Tulia," akamwambia Nthenya akivuta kiti. "Nimesikia mmeleta kompyuta."

"Tumeiacha nyumbani, kaka. Ilikuwa inaogopa."

"Haya. Mimi nimewaletea farasi."

Watu wakacheka. Madam Mwongeli akavua miwani, wakaacha. Saa ikabonyezwa.

Nthenya alikuwa na kete nyeupe. Mbithi alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji, mikono mfukoni, akihesabu kitabu kimoyomoyo. Askari. Farasi. Askofu mweupe akatoka akaenda kukaa mbali, upande wa kushoto. Mfalme akaingia nyumbani. Na kama alivyofanya mwaka jana, kama alivyofanya kwa kila mtu, Musembi akamrusha farasi. Nthenya akasogeza askari wa pembeni. Musembi akasogeza wake, akakunja mikono, akaangalia dari.

Ukumbi ukajivuta mbele kwa pamoja. Kila mmoja alikuwa amekwisha kumla yule farasi kwa macho.

Nthenya akasogeza askari mdogo, upande ule mwingine.

"Aiya!" mtu akasema kwa nguvu.

"Hajaona?"

"Kula, mwana wetu, kula!" mzee mmoja akanong'ona kwa sauti ambayo ingesikika Kambu.

"Nyamazeni," Madam Mwongeli akasema. "Hapa si kwa kinyozi."

Musembi alishusha macho kutoka darini polepole. Aliangalia ubao. Akamwangalia Nthenya. Mwaka mzima wa pancha hakuwa ameona kitu hicho: mtu wa Kitui ameketi mbele ya chakula na hakiombei hata baraka. Akacheza. Nthenya akajenga katikati. Akacheza. Nthenya akaleta ngome kwenye mstari wa kati, na sasa nyumba ya mfalme ikawa na mlango wa nyuma, na farasi aliyekuwa zawadi akawa farasi wa kuliwa kweli. Musembi akakuna kidevu, akamrudisha. Yule farasi akarudi alikotoka kama mgeni ambaye hakupewa kiti.

Mbithi aliijua ile namba. Aliiona ikipanda kutoka mkiani adhuhuri moja kwenye duka la simu, na sasa ilikuwa imekuwa kitu, imekuwa farasi anayerudi kwa aibu mbele ya watu wa kaunti mbili. Alitaka kumshika mtu bega amweleze, lakini angeanzia wapi?

Halafu akakumbuka kwamba kitabu kimeisha.

Aliichunguza sura ya dada yake, na aliona kwamba yeye pia anajua. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyewahi kuchimba. Musembi akafikiri kwa muda mrefu, akipangusa kidole kimoja kwa kingine kana kwamba anatafuta tundu kwenye tairi. Kisha akachukua askofu wake mweusi, akavuka naye ubao wote, akamla askari wa pembeni aliyesimama mbele ya nyumba ya mfalme, akamwacha askofu pale pale. Askari wa jirani angeweza kumla.

Zawadi nyingine.

Sasa Mbithi alielewa alichofanya nyuma ya jikoni. Alikuwa amemwambia dada yake neno moja siku zote hizo: acha. Acha, acha, kalia mkono. Alimtoa kwenye sheria ya kula ni lazima akamtia kwenye sheria ya kuacha ni lazima, na Musembi, ambaye hakuwa mjinga, alikuwa ameinusa. Alikuwa anampa kwa sababu aliamini atakataa. Akikataa, askari ameenda bure na nyumba imebaki bila ukuta. Na akila? Malkia mweusi atakuja kwa miguu yake hadi mlangoni pa mfalme. Mbithi alijaribu kuona zaidi ya hapo. Hakuona kitu. Mchanga mkavu tu.

Nthenya alikuwa amekalia mkono wa kulia. Saa yake ilikuwa inakimbia. Nje mtu alikuwa anaita machungwa, machungwa matamu. Nthenya hakumwangalia Musembi, hakumtafuta Mbithi nyuma ya kamba. Macho yake yalianzia kwa askofu mweusi, yakaenda kwa malkia mweusi, yakasimama mlangoni kwa mfalme. Kisha yakaanza kusafiri pole pole kuelekea kushoto, mshazari, kana kwamba anafuata mdudu anayetembea juu ya ubao. Yakarudi. Yakaenda tena.

Na uso wake ukabadilika. Haukutabasamu. Ulitulia, kama maji ya kisima yakiachwa.

Akautoa mkono wa kulia chini ya paja, akala askofu.

"Mwaitu wee!" yule mzee akasema.

Malkia mweusi akashuka mbio, akala askari, akasimama mlangoni. Mfalme mweupe alikuwa uchi. Musembi akabonyeza saa kwa kidole kimoja, kwa adabu, kama mtu anayefunga jeneza.

Na askofu mweupe, yule aliyekaa upande wa kushoto tangu mwanzo, ambaye watu wote walikuwa wamemsahau, akarudi. Njia yake ya mshazari ilikuwa tupu, kutoka huko mbali hadi kando ya mfalme. Alirudi nyumbani kwa hatua moja, akaketi pale ngome ilipokuwa imepisha, na kutoka pale alikuwa anamtazama malkia mweusi moja kwa moja usoni.

Ukumbi mzima ulinyoosha shingo. Hata Madam Mwongeli alikuwa amevua miwani, na hakuna aliyekuwa anapiga kelele.

Malkia akakimbia kando, akamtisha mfalme kwa cheki. Askofu yule yule akasogea akasimama mbele ya mfalme. Malkia hakuwa na wenzake. Farasi alikuwa amerudishwa nyumbani, ngome ilikuwa nyuma ya ukuta wake mwenyewe. Musembi alicheza hatua chache zaidi, za kuaga. Kisha akamlaza mfalme wake mweusi ubavu, akanyoosha mkono wake wa grisi.

"Hiyo ya farasi," akasema, "ni ya mashine. Nimeijua. Na hii ya askofu?"

"Mashine iliishia kwa farasi, kaka."

"Usinidanganye. Mimi ni mtu mzima nimeshindwa, niambie ukweli."

"Nilikuwa nataka kumwacha," Nthenya akasema. "Nilikuwa nimeshaamua kumwacha. Halafu nikajiuliza, kama sikuambiwa kitu na mtu yeyote, naona nini?"

Musembi akatikisa kichwa. Akaanza kuzirudisha kete mahali zilipokuwa, askofu mweusi kwenye zawadi yake, askofu mweupe huko kushoto. "Nenda Nairobi," akasema. "Lakini kwanza unionyeshe tena. Polepole."

Kamba ikaondolewa, watu wakamiminika, yule mzee akiwa mbele. Mbithi alijipenyeza mpaka mezani. Alikuwa ameandaa maneno njia nzima kutoka Tulia, ya kushinda na ya kushindwa, ya kumchekesha dada yake na ya kumchokoza Musembi. Yote yalikuwa yamemtoka. Aliinama juu ya ubao akaangalia ule mstari wa mshazari, viraba vyake vimejipanga kona kwa kona bila kizuizi, ambao ulikuwa wazi mbele ya macho ya watu wote waliojaa chumba kile, na yeye akiwemo. Nthenya akamchukua askofu kwa vidole viwili akamrudisha nyumbani.

"Rudisha," Mbithi akasema. "Nione tena."

Akarudisha.

"Mara nyingine, Nthenya. Tafadhali."

"Sogea kwanza," Nthenya akasema. "Unatuzibia mwanga."

Akasogea.